Povu Langu na Sufuria ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimeuona utajiri. Haujafika mfukoni bado, lakini nimeuona kwa macho yangu mawili, unatoka povu.

Ilianza na sinki la jikoni. Limeziba tangu wiki iliyopita, maji yanashuka kwa kusuasua. Kwenye simu nilimwona bwana mmoja akimwaga soda ya kuokea kwenye tundu la sinki, halafu siki juu yake. Nikamwiga. Lo! Povu likapanda, likachemka bila moto, likanguruma! Nilipiga kelele peke yangu. Mke wangu akaacha cherehani yake akaja mbio, akidhani nimeungua. Akatazama, akachukua birika la maji ya moto, akamimina, maji yote yakashuka. Nikamweleza kwamba hiyo ni kazi ya povu. Akasema huenda ni maji ya moto. Nikamwacha na imani yake. Ndoa inataka uvumilivu.

Mpango: nichanganye soda na siki mapema, nitie kwenye chupa, niuze nyumba kwa nyumba. Jina: Povu la Neema. Wavivu wa kuchanganya wenyewe ni wengi. Mmoja nakutana naye kila asubuhi kwenye kioo.

Habari nyingine. Baba mkwe anakuja Jumapili, mara ya kwanza tangu mama mkwe atutoke. Mke wangu atampikia kwenye sufuria ya mama yake, ile kubwa ya alumini yenye bonde ubavuni na madoa ya kuungua ndani. Katika vitu vyote vya marehemu aliomba hiyo tu. Anaiweka kabatini, imefungwa kwenye shuka. Ameniomba mimi niisugue kabla ya Jumapili, maana karakana ya ushonaji anakofanya kazi ina sare za shule za kumaliza na hana hata nafasi ya kupumua. Akasema sabuni na sponji, basi. Akarudia: basi.

Baba mkwe hajawahi kuniita mkwe. Tangu harusi mimi ni "huyo bwana". Huyo bwana amepata kazi? Huyo bwana bado anafuga kuku bafuni? Anamuuliza binti yake kwenye simu, na simu nimemshikia mimi.

Lakini namshukuru Mungu kwa mke. Baada ya mradi wa miavuli ya kukodisha (mvua iligoma) na baada ya wale kuku, bado ananikabidhi sufuria ya mama yake. Mwingine angenikabidhi begi langu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefungua kiwanda jikoni. Nikachanganya kwenye jagi. Povu safi! Kabla sijalitia kwenye chupa, likafa. Kilichobaki ni maji yenye ladha ya chumvi na majuto (nilionja). Nikachanganya tena. Likafa tena. Nikakaa kwenye kigoda, nikafikiri, nikagundua: povu linatoroka. Na kitu kikitoroka, unafunga mlango. Nikaweka soda ndani ya chupa ya juisi, nikamimina siki, nikakaza kizibo kwa nguvu zangu zote.

Chupa ikavimba. Nikafurahi sana. Nikaipeleka sebuleni ili niitazame nikiwa nimekaa.

Mlio wake sijui niuandike vipi. Kizibo kilipita kando ya sikio langu, kikapiga picha yetu ya harusi ukutani, katikati kabisa, pale alipo shemeji. (Shemeji ni kaka wa mke wangu. Siku ile alijipanga katikati yetu, na mpiga picha hakuthubutu kusema kitu.) Kioo kimepasuka kwenye kidevu chake. Siki imefika kwenye dari.

Mke wangu aliporudi alitazama dari, akatazama picha, akanitazama mimi. Akaniuliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Akavuta pumzi, akasema katika nyumba hii hakuna kitu kinachochemka kitakachofungwa kizibo tena. Kisha akanipa kitambaa, na nilipopanda kufuta dari alinishikia kigoda. Nani mwingine duniani angenishikia kigoda?

Jioni shemeji akapiga simu. Yeye ni mtu wa ofisi, viatu vyake vinalia anapotembea. Amesema Jumapili ataleta seti nzima ya sufuria za chuma, mpya, zenye mifuniko ya vioo, zinang'aa hadi unaweza kunyolea ndevu. Atamzawadia baba. Akashauri ile "takataka ya alumini" apewe mnunuzi wa vyuma chakavu kabla mzee hajaiona. Baadaye nilimwona mke wangu akiifungua sufuria kutoka kwenye shuka, akaitazama, akaifunga tena.

Hapo hapo nikapiga moyo konde. Sufuria ile itang'aa kuliko seti yake yote pamoja na mifuniko.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya majaribio. Nimeanza na viatu vyangu, vile ambavyo mke wangu huviacha nje ya mlango kwa sababu ya harufu. Nilitaka kutumia vyote viwili lakini siki ilikuwa chumbani na mimi nilikuwa uani, uvivu ukanishinda. Nikavimwagia soda tupu. Baada ya chakula cha mchana nikanusa: hakuna kitu! Halafu birika, lile lenye utando mweupe ndani. Soda ilikuwa imekwishia viatuni, kwa hiyo nikachemsha siki tupu. Utando wote ukaachia. Siki nayo ikaishia hapo.

Soda peke yake inafanya hivyo. Siki peke yake inafanya hivyo. Sasa fikiria vikiwa pamoja!

Kweli ukuta wa nyuma ya jiko nilikuwa nimeusugua asubuhi na mchanganyiko kamili, na mafuta yalibaki yananitazama. Ukuta ule ni mbishi tangu tuhamie.

Nimekwenda dukani, nikanunua pakiti zote za soda zilizokuwepo. Muuza duka akauliza kama nafungua kiwanda cha mikate. Njiani nikapita kwa Mama Pacha, jirani yetu mwenye mapacha, anayeuza sabuni ya maji kwa madumu mlangoni pake. Aliona pakiti. Akasema, "Jirani, hivyo viwili ukivichanganya vinamalizana vyenyewe. Kila kimoja kipe kazi yake." Wivu wa biashara! Nimeuona machoni. Nikamshukuru kwa adabu, nikaondoka kifua mbele, nikajikwaa kwenye dumu lake. Aliniinua na kunipangusa suruali. Sabuni yake inanukia vizuri, hilo siwezi kukataa.

Alhamisi, 7 Agosti

Sina mkono wa kuandikia. Yaani ninao, lakini umechoka kusugua.

Mpango ulikuwa safi. Nijaze maji kwenye sufuria, nitie soda, nichemshe hadi madoa yalainike, kisha nimalizie na siki, povu lipande, kazi iishe. Nikatia pakiti nzima. Nikaongeza nyingine kwa heshima ya marehemu. Ikachemka vizuri sana. Nikaenda kuchukua siki. Siki hakuna! Yote iliishia kwenye birika jana. Niliporudi jikoni nikayamwaga maji, nikachungulia.

Nyeusi. Ndani kote. Si masizi, masizi yanafutika. Alumini yenyewe imegeuka rangi kama ubao wa darasani. Nikasugua kwa sabuni. Nyeusi. Nikasugua kwa soda zaidi. Ikazidi.

Nimeificha kwenye begi la miavuli, chini ya kitanda.

Mke wangu aliporudi aliulizia sufuria. Nikasema inapumzika. Akacheka, akasema hata yeye angependa kuwa sufuria. Alikuwa amechoka, vidole vimejaa alama za sindano. Tukakaa kula, akaanza kusimulia bila kuulizwa. Lile bonde ubavuni ni yeye. Akiwa mtoto aliiangusha kwenye ngazi pamoja na chakula cha nyumba nzima. Mama yake hakumgombeza. Alimuuliza tu kama ameungua. Siku hiyo wakala mkate, yakaisha. Akasema hadi leo akiweka kidole gumba kwenye lile bonde anamsikia mama yake akimuuliza kama ameungua.

Nikakumbuka juzi, alivyoniuliza kama nimeumia kabla ya kuuliza kitu kingine chochote. Sasa najua alikojifunza.

Nikamwambia ni hadithi nzuri. Tonge likanikwama kooni. Akanipiga mgongoni.

Ijumaa, 8 Agosti

Wazo! Namshukuru Mungu kwa kichwa hiki, sijui kingine kingevumilia.

Nimekwenda sokoni kwa wauza vyombo. Nimempata ndugu yake: alumini, ukubwa ule ule, vishikio vile vile. Muuzaji akajisifu kwamba haina hata mkwaruzo. Nikamuuliza kama anayo yenye bonde. Akadhani namtukana. Nikainunua hivyo hivyo, nikakaa pembeni, nikatafuta jiwe.

Bonde la kwanza limeangukia upande usio wake. La pili limetoka kubwa mno. La tatu nililipiga ili kusawazisha lile la pili. La nne lilijipiga lenyewe. Watu walisimama kutazama. Mwishowe muuzaji akaja, akachuchumaa karibu yangu, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna mtu wa kupigiwa simu. Akaniletea maji ya kunywa, akakataa niyalipie. Watu wema bado wapo.

Nyumbani nimeipaka masizi chini, nimeifunga kwenye shuka, nimeirudisha kabatini. Ukiitazama kwa mbali, ukiwa na haraka, ni yenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Mke wangu amerudi mapema, sare zimekwisha. Akaitoa sufuria kabatini, akaiweka mezani. Kidole gumba kikaenda ubavuni chenyewe. Kikatafuta. Kikapata bonde, kikaliacha. Kikapata jingine, kikaliacha. Akasema taratibu kwamba hii si ya mama.

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kila namna. Nikayaacha yote. Nikaenda chumbani, nikapiga magoti, nikavuta begi la miavuli.

Alitazama ule weusi. Akakaa kwenye kigoda, akaiweka sufuria mapajani. Hakunipigia kelele, na heri angepiga. Machozi yalimshuka, akayafuta kwa kiganja, yakashuka tena. Nimevunja vitu vingi katika ndoa hii, lakini sijawahi kujisikia mdogo hivi. Nikamwomba anisamehe. Akasema sasa hivi hawezi, ngoja kwanza. Kisha akauliza hiyo nyingine nimeiponda kwa kitu gani. Nikasema jiwe. Akaufunika uso kwa mikono, na sikujua ni kilio au ni kitu gani.

Nikatoka mbio hadi kwa Mama Pacha. Nikamwambia kila kitu, mbele ya wateja wake, sikubakiza. Alicheka hadi akashikilia mlango. Halafu akawaacha wateja wake na madumu yao, akachukua chupa yake ya siki, akanifuata na aproni yake ya plastiki. Jikoni nikasema ngoja nilete soda. Akanishika kola. "Jirani, soda leo hapana."

Tukachemsha maji na siki, hakuna kingine. Tulisimama watu watatu juu ya sufuria moja. Kisha weusi ukaanza kuachia pembeni, ukafuata wa chini. Mke wangu akamwaga maji, akasugua kwa sponji, na ikatokea ile ya siku zote, nyeupe kama fedha. Akaweka kidole gumba kwenye bonde, akafumba macho. Alipoyafumbua akamkumbatia Mama Pacha. Halafu akanikumbatia na mimi, ingawa kwa mkono mmoja. Mkono mmoja unanitosha kabisa.

Mama Pacha amekataa malipo. Nampenda huyu jirani, sijui kwa nini nilimdhania vibaya. Ila siwezi kuficha: tungeongeza soda, ingetoka nzuri zaidi.

Jumapili, 10 Agosti

Baba mkwe amefika na shemeji. Viatu vya shemeji vimelia hadi sebuleni. Aliiona picha, akajigusa kidevu. Nami nikajifanya hamnazo. Akafungua boksi, akazipanga sufuria zake mezani kuanzia kubwa hadi ndogo. Kweli zinang'aa, Mungu anione. Baba mkwe akamshukuru, kisha akainuka, akafuata harufu ya chakula.

Nikamfuata nyuma. Sufuria ya mkewe ilikuwa jikoni inatokota. Mzee akasimama mbele yake. Akanyoosha mkono kwenye lile bonde, mke wangu akamwahi na kitambaa: ni moto, baba. Mzee akasema haikuwa inang'aa hivi hata siku waliyoinunua. Akauliza nani ameing'arisha.

Shemeji naye alikuwa ameshafika mlangoni. Mke wangu akanitazama, akaniachia mimi. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema ni mimi. Lakini mke wangu alinitazama bila hasira yoyote, sijui nini kilinipata, nikasema yote: soda, begi la miavuli, jiwe, Mama Pacha. Shemeji akacheka sana, akasema si aliwaambia, na sasa waone faida ya sufuria za kisasa.

Baba mkwe hakucheka naye. Akaomba kuiona hiyo ya jiwe. Nikaivuta kutoka chini ya meza. Akakaa nayo kwenye kigoda, akaigeuza, akapapasa bonde moja baada ya jingine. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikaogopa nimemliza mzee wa watu. Kumbe anacheka! Na machozi nayo yanamtoka. Akasema marehemu naye aliwahi kuitia weusi ile sufuria, alipikia humo maharage kwa magadi, akaificha chini ya kitanda. Yeye mzee akajikwaa nayo, akajifanya hajaona, hadi marehemu anaondoka hawakuwahi kuizungumza. Mke wangu akaketi sakafuni karibu na baba yake. Walicheka pamoja, na nadhani walikuwa hawajacheka pamoja tangu msiba.

Kisha mzee akasema kwamba nyumbani siku hizi anachemsha maji tu. Hana sufuria ya kumpa hamu ya kupika. Akamwomba mwanawe asikasirike, lakini hizi za kung'aa zinamwogopesha, atakaa anazilinda badala ya kuzipikia. Anaomba hii ya jiwe. Ina mabonde ya kutosha, mkono wake utazoea.

Wakati wa kuondoka akageuka, akanitazama. "Mkwe," akasema, "nibebee sufuria yangu hadi nje."

Mkwe! Niliibeba kwa mikono miwili. Shemeji alibeba boksi lake mwenyewe hadi mlangoni, akachoka, akatuachia.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyumba imetulia. Mke wangu ameamka anaimba. Amenisamehe rasmi wakati wa chai, kwa masharti: soda ya kuokea isionekane tena ndani, na pakiti zote zilizobaki nimpe Mama Pacha. Nimempa. Karibu zote.

Nimekaa nikatafakari wiki yangu kwa unyenyekevu. Nina mengi ya kushukuru: mke, jirani, mzee, muuzaji wa sokoni, hata shemeji kwa zile sufuria. Na funzo nimelipata. Ile sufuria Alhamisi ilipata soda. Jumamosi ikapata siki. Maana yake ilipata vyote viwili! Mchanganyiko umefanya kazi, ila ulichukua muda. Nilisema tangu mwanzo.

Funzo jingine: kuna watu wanahitaji sufuria zenye mabonde na hakuna anayewahudumia. Nimeshaongea na muuzaji wa vyombo. Amekubali, ilimradi niwe naziponda mbali na meza yake. Jiwe ninalo.

Nimetengeneza chupa moja tu ya Povu la Neema, zawadi ya shukrani kwa Mama Pacha, aone mwenyewe. Kosa la Jumanne lilikuwa kizibo kulegea. Safari hii nimekifunga kwa waya. Chupa nimeiweka sebuleni, chini ya picha ya harusi.

Mke wangu ameuliza kutoka chumbani ni nini hicho kinachofoka. Nimemwambia ni birika. Namshukuru Mungu kwa kunipa mke asiyeuliza mara mbili.

Ameuliza mara ya pili.